Jibu la Neno Moja

Crescent Town, Toronto
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwako Baba Rida,

Shikamoo. Umeona nimekumbuka? Kwetu Karatina ningekwambia "habari yako, mzee" na mambo yaishe, lakini Mama Rida, Mungu amrehemu, alinifunza kwamba mtu wa Tanga asipoamkiwa kwa shikamoo hujiona hajasalimiwa. Mimi ni Wamaitha, yule aliyemuuguza Mama Rida hapo nyumbani kwenu Mississauga miezi kumi na minne na kuunguza chapati zako karibu zote. Usijifanye umenisahau.

Ningepiga simu, lakini masikio yako nayajua. Mara ya mwisho nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba theluji imepungua. Na barua pepe husomi, unasema skrini uliitazama miaka thelathini na minne, inatosha. Basi nimenunua stempu. Yule dada wa posta aliniuliza mara mbili kama ni stempu kweli ninayotaka.

Mzee, nina shida na sina mtu mwingine wa kumwendea. Kazi ya kuinua wagonjwa ilinimaliza mgongo, daktari amenikataza kuinua kitu kizito kuliko mfuko wa unga. Nikaamua kusomea programu za kompyuta, mwaka mzima, jioni na wikendi. Sasa kampuni moja mjini, karibu na stesheni ya Union, imeniita intavyu tarehe tisa Aprili. Nafasi ni moja tu. Kibali changu cha kazi kinaisha mwisho wa Julai, na wakili hakuzunguka mbuyu: ni barua ya mwajiri au ni tiketi ya kurudi. Sina mpango wa tatu.

Wewe uliandika programu za kampuni ya bima tangu sijazaliwa. Mama Rida alikuwa akilalamika kwamba unaongea na mashine kuliko unavyoongea naye. Maswali ya intavyu yanajulikana, yamejaa mtandaoni pamoja na majibu, na nimeyakariri kama Baba Yetu. Tatizo ni kwamba kila lugha ya programu ina jibu lake! Kwa nini hesabu inaanza na sifuri? Kwa nini alama ya sawasawa mara ni moja, mara mbili, mara tatu? Na hii ndiyo inanitoa jasho: orodha tupu, isiyo na kitu ndani, Python ikiulizwa inasema ni uongo, JavaScript inasema ni kweli. Orodha ni ileile, aki, na utupu ni uleule.

Siwezi kukaa chini. Leo nimeshuka ngazi ghorofa kumi na mbili na kupanda tena na lifti ilikuwa inafanya kazi. Nijibu haraka.

Rida hajambo? Mpe salamu zangu.

Ni mimi,
Wamaitha wa chapati


Mississauga
10 Machi 2025

Wamaitha,

Marahaba. Sijakusahau, na chapati nazo sijazisahau.

Jambo la kwanza kabla ya mengine. Hilo jina la Baba Rida liache. Niite Mzee Hyderali, au Mzee peke yake. Sababu haikuhusu.

Sasa maswali yako. Sifuri: mashine haihesabu watu, inahesabu hatua. Umesimama mwanzo wa foleni, mtu wa kwanza yuko hatua ngapi kutoka hapo? Hakuna hatua. Basi huyo ni sifuri, na wa pili ni moja. Lugha yangu ya zamani, COBOL, ilianza na moja kama watu wenye akili zao, na dunia haikuanguka. Ukiulizwa, usiseme "ndivyo ilivyo." Sema habari ya hatua.

Alama moja ya sawasawa ni amri: weka hiki humu. Mbili ni swali: hivi viwili ni sawa? Tatu, za JavaScript, ni swali la mama mkwe: ni sawa, na je, ni wa ukoo mmoja? Kwa alama mbili JavaScript itakubali kwamba tano ya maandishi na tano ya hesabu ni kitu kimoja. Mama mkwe hakubali.

Na hiyo orodha tupu. Fikiri sufuria jikoni. Ukimuuliza Python "kuna sufuria?" anafunua kifuniko na kuchungulia. Hakuna chakula, anasema uongo. JavaScript hafunui. Sufuria ipo juu ya meza, anaiona, anasema kweli, na wewe na njaa yako. Ruby, lugha nyingine tena, ndiye kituko kabisa, kwake hata sifuri ni kweli. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja amejibu swali kama alivyolelewa kulisikia.

Kwa hiyo shika neno hili, nililisema kwa kila kijana niliyemsimamia kazini: kosa la mpumbavu si kutojua jibu. Kosa lake ni kuulizwa kwa lugha moja akajibu kwa lugha nyingine. Kabla hujajibu, jua kwanza uko kwenye lugha gani.

Na acha kushuka ngazi, mgongo si wa kuchezea. Nimefunga, nakomea hapa.

Hyderali


Crescent Town
19 Machi 2025

Mzee Hyderali (umeona natii?),

Shikamoo. Barua yako imekuwa kwenye begi langu tangu ifike, na karatasi imeshaanza kukatika kwenye mikunjo. Mama mkwe! Nilicheka ndani ya treni mpaka mtu akahama kiti.

Kuna habari mpya. Wale watu wamenipa kazi ya kufanya nyumbani kabla ya intavyu. Ni programu ya zahanati: inapokea orodha ya wagonjwa wa siku na kuwapanga nani aonwe kwanza. Siku nyingine orodha inakuja tupu kwa sababu ya theluji, na programu za wengi huanguka hapo. Yangu haianguki! Nimeandika kipande kidogo kinachofunua kifuniko na kuchungulia kabla ya kitu kingine chochote, na nimekiita sufuria. Sifanyi mzaha. S-u-f-u-r-i-a, katikati ya Kiingereza chote. Ni mkono wangu mwanzo mpaka mwisho, nimeifuta na kuiandika mara tisa.

Sasa niache nikuulize, na unaweza kukasirika ukipenda, uko mbali hutanifikia. Kwa nini nisikuite Baba Rida? Mama Rida alikuwa Mama Rida mpaka pumzi ya mwisho. Mimi nilikuwepo. Kulitokea nini baada yangu? Rida ni mgonjwa? Ameolewa na mtu usiyemtaka? Mzee, mimi nikikosa jibu huwa natunga mwenyewe, na natunga vibaya.

Siku ishirini na moja zimebaki. Nazihesabu kuanzia moja, kama COBOL.

Wamaitha


Mississauga
27 Machi 2025

Wamaitha,

Umenibana, basi nitasema mara moja halafu tufunge.

Rida ni mzima. Yuko Calgary na kazi yake. Kuna siku nilimuuliza swali, akanijibu kwa mdomo wake mwenyewe. Jibu nimelipata, na mtu mzima harudii kuuliza alichokwisha kujibiwa. Huleta kadi kila Idi, nami humjibu kwa kadi. Limekwisha.

Jina sufuria ni la kipuuzi. Usilibadilishe.

Siku ya usaili vaa viatu vikavu na ufike mapema. Mungu akufungulie.

Hyderali


Crescent Town
10 Aprili 2025

Mzee wangu,

Sina nguvu ya shikamoo leo, nisamehe.

Wamenikataa. Si kunikataa tu, wameniita mwizi.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu maana mimi mwenyewe sielewi. Aliyenisaili ni mwanamke anaitwa Nicole, mpole, ana kikombe kikubwa cha chai. Maswali yote nilijibu. Sifuri nikamweleza kwa hatua, akaandika. Alama tatu za sawasawa nikamweleza, akacheka. Nikajiambia, Wamaitha, leo ni leo.

Halafu akafungua programu yangu ya zahanati. Akaitembeza, akasema ni safi, safi sana kwa mtu aliyeanza mwaka jana. Akaniuliza, "Hukuitoa mahali, mtandaoni?" Nikamjibu ndiyo, palepale, namtazama machoni. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayenipa nafasi, "Kwa hivyo hukuiandika wewe mwenyewe?" Nikamwambia hapana! Tena kwa sauti, kwa sababu swali lenyewe liliniudhi. Mzee, uso wa yule mama ulifungwa kama duka. Akashukuru, akasimama, akanipeleka mpaka kwenye lifti.

Leo asubuhi imekuja barua yao. Wanasema wanathamini kwamba nilikuwa mkweli, lakini kwa kukiri kwangu mwenyewe kazi si yangu, na hawawezi kuendelea. Kukiri! Nilikiri nini? Lini? Nimewaza kwamba labda hawakutaka Mwafrika tangu mwanzo, na nikikumbuka alivyocheka nasema hapana, haikuwa hivyo. Nimewaza mpaka kichwa kinauma.

Tangu saa nne natembea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Jirani wa chini ameshagonga dari mara mbili. Nimejibu ukweli mtupu na ukweli umeniponza. Julai si mbali, Mzee.

Wamaitha


Mississauga
15 Aprili 2025

Wamaitha,

Nimeisoma barua yako mara tatu na sipendi ninachofikiri.

Nimesimamia vijana wengi. Niliwahi kuletewa programu ya mtu mwingine, jina la mwenyewe bado liko juu yake, na kijana akaapa kwa mama yake kwamba ni kazi yake. Kampuni haiandiki neno "kukiri" ovyo ovyo, wana mawakili. Ama huyo Nicole ni mwongo, na sababu siioni, ama kuna jambo unanificha. Akiwa na hofu ya Julai mtu anaweza kuteleza. Nitakuelewa. Nisichoelewa ni kudanganywa mimi.

Usinieleze. Usinitungie hadithi ya mikogo. Nijibu kwa neno moja, kama ungemjibu marehemu mke wangu Bilkis.

Hukunakili?

Hyderali


Crescent Town
18 Aprili 2025

Mzee Hyderali,

Ndiyo.

Wamaitha


Mississauga
24 Aprili 2025

Wamaitha, binti yangu,

Nisamehe. Naanza na hilo.

Barua yako niliifungua nimesimama kwenye sanduku la barua, koti sijafunga. "Ndiyo." Nikasema Alhamdulillahi, hakunakili. Nilifurahi, nikamwambia jirani yangu Ghulamabbas habari njema ambayo hakuielewa. Nikaingia ndani nikabandika maji ya chai. Maji hayajachemka nikaanza na mimi kutembea, mlangoni, dirishani, kama wewe. Neno moja hilo lilikuwa linanichoma.

Kwa sababu nilijiuliza: mimi nimelisoma nikajua huna hatia. Nicole angelisoma angejua nini?

Sasa nisikilize kwa makini. Sisi tukiulizwa "hukunakili?" tunalipima swali lenyewe. Ni kama usemavyo? Ndiyo, ni hivyo hivyo, sikunakili. Mzungu hapimi swali. Anatazama tendo. Kama lilifanyika, ni "yes". Kama halikufanyika, ni "no". Basi. Ulipomjibu Nicole "yes", alisikia: ndiyo, niliitoa mtandaoni. Alipokupa nafasi ya pili, akakuuliza kama hukuiandika mwenyewe, ukapiga kelele "no", na yeye akasikia: hapana, sikuiandika. Umekiri mara mbili, binti, na mara ya pili kwa sauti. Hakuna aliyekuonea. Mmoja alifunua sufuria na mwingine aliitazama juu ya meza.

Mwandikie leo. Usilie kwenye barua. Mweleze kama ungemweleza mtu wa programu, ataelewa: swali moja, lugha mbili. Mwambie akukalishe mbele yake uiandike upya. Na mwambie jina sufuria umelipata wapi, kwa kuwa hakuna mtandao duniani wenye programu ya zahanati yenye sufuria ndani.

Hayo yamekwisha. Lililobaki ni langu.

Bilkis mwenyewe alikataza Rida asiitwe. Unakumbuka. Alisema msimsumbue mtoto, kazi ni mpya, nitapona. Nikamtii. Alifariki Alhamisi, tukamzika Ijumaa, Rida akafika Jumamosi na koti lake jekundu, kaburi tayari. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Alikaa siku tatu, halii, hasemi. Siku ya kuondoka, teksi iko nje, tukasimama mlangoni. Nikamuuliza, "Rida, hunikasirikii?"

Unamjua Rida. Kiswahili anakisikia chote, mpaka mafumbo ya mama yake. Lakini tangu ana miaka sita ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Akanitazama. Akasema, "No."

Nilikuwa nimeuliza kwa Kiswahili, Wamaitha. Na jibu nikalisikia kwa Kiswahili. La, si kweli usemavyo, nakukasirikia. Nikaona ana haki. Nikachukua begi lake nikalitia ndani ya teksi, nikafunga mlango wa teksi kwa mkono wangu.

Miaka arobaini na sita niko nchi hii. Kazini nilisema "yes" na "no" zao siku nzima bila kukosea hata moja, kwa kuwa kazini Kiingereza kilikuwa kichwani. Mlangoni kwangu, mke wangu yuko kaburini, hakikuwepo. Na mimi ndiye niliyekuandikia Machi, kwa mwandiko wangu mzuri, kuhusu kosa la mpumbavu.

Huenda nimekosea tena. Huenda alikasirika kweli. Sijui, na kutojua huku hakunipi kukaa.

Hyderali


Crescent Town
29 Aprili 2025

Mzee wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hizo ni pamoja na nilizoruka.

Haki ya Mungu nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga tena. Kiingereza nimesoma tangu chekechea! Hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia hili. Karatina nzima tunajibu hivyo, mpaka mwalimu mkuu alikuwa anajibu hivyo. Nimekaa nikihesabu ni mara ngapi nimejibu hivyo hapa Toronto. Kuna daktari wa meno aliniuliza "huna uchungu?" nikasema "yes", akanichoma sindano nyingine. Nikawa nashangaa ukarimu wake.

Na nilikukasirikia pia, sitakuficha. Kwa ule mstari wa kuteleza. Nililia Ijumaa Kuu yote, halafu nikaandika neno moja kwa sababu lililobaki moyoni lilikuwa matusi. Sasa limekwisha, lakini ujue liliuma.

Nicole nimemwandikia. Nimemwandikia hivi: orodha tupu ni ileile, Python ataiita uongo na JavaScript ataiita kweli, nawe hutamwita yeyote mwizi. Nimemwandikia habari ya sufuria. Nimemwomba anikalishe mbele yake. Sijalia hata mstari mmoja. Sasa nasubiri, na kusubiri mimi sikujui, nimesugua jiko mpaka rangi inatoka.

Na wewe je? Usiniambie umekaa hapo na chai. Kalamu unayo! Koti jekundu nalikumbuka, yalikuwa mapenzi ya mama yake, alimnunulia yeye. Mtoto aliyeruka kutoka Calgary na koti la mama yake halafu baba akamfungia mlango wa teksi, unadhani yeye alisikia nini siku hiyo? Umewahi kuwaza upande huo? Kadi za kila Idi, miaka mitatu, anatuma mtu mwenye hasira?

Mwandikie. Lakini nakuomba, usiulize kwa "hu". Uliza kwa kukubali: "Unanikasirikia?" Hapo Kiswahili na Kiingereza vinakutana, ndiyo ni "yes" na hapana ni "no", hakuna kupotea. Nimekufundisha bure.

Wamaitha


Crescent Town
21 Mei 2025

Mzee Hyderali,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata hata mstari. Kama umekasirika niliyoandika, andika kwamba umekasirika. Kama unaumwa, mwambie huyo Ghulamabbas aandike. Jumamosi nilitoka nije huko, nikafika Union, nikaona treni ya Mississauga imesimama, nikageuka. Nilidhani nitakukuta mlangoni na uso wa kunifukuza.

Basi nakupa habari zangu hata kama hunijibu.

Nicole aliniita. Nilikaa kando yake saa mbili nzima. Akafuta programu yangu yote mbele ya macho yangu, akasema andika. Vidole vilikuwa baridi, mwanzo niliandika alama moja ya sawasawa mahali pa tatu, nikajisikia kufa. Nikamkumbuka mama mkwe, nikarekebisha. Nilipofika kwenye kile kipande nikasimama, akaniuliza kinaitwaje. Nikaandika sufuria. Akacheka, akasema amekuwa akilitamka vibaya wiki nzima.

Mwisho akaniuliza, "Huna swali?" Mzee, jasho lilinitoka. Nikajibu sentensi nzima, kama mtoto wa darasa la pili: "Mimi sina swali lolote." Akasema na yeye amejifunza, kuanzia sasa atakuwa anauliza watu moja kwa moja.

Barua ya mwajiri ilitoka juzi. Mwaka mmoja, na wakili anayo mkononi. Nabaki!

Nilitaka kukwambia wewe kwanza, kabla ya mama yangu, na wewe umenyamaza. Niambie tu kama uko hai. Neno moja linatosha, tumeshazoea.

Wamaitha


Calgary
26 Mei 2025

Baba,

Salaam aleikum. Naandika kwa Kiswahili. Kiswahili yangu ni mbovu, samahani. Nimetumia siku mbili na kuna mama moja kazini, Joyeuse, wa Kongo, amenisaidia maneno mengine. Makosa yote ni yangu.

Barua yako nimesoma mara nne. Ya kwanza sikuelewa. Umeandika sana habari ya sufuria na Python na msichana wa Mama. Nilifikiri Baba anaumwa kichwa. Halafu nimefika kwa mlango na teksi.

Baba, mimi nilisema "No." Nilitaka kusema sina hasira. Nilikuwa na huzuni tu, mdomo ilikuwa nzito. Nilifikiri utanishika. Wewe ulichukua begi, ukaweka ndani ya teksi, ukafunga mlango. Nikasema, sawa, Baba hataki kuniona, kwa sababu mimi nilichelewa kwa Mama. Ndani ya teksi nililia mpaka uwanja wa ndege. Kila Idi nilituma kadi nione kama utasema njoo. Uliandika "Idi Mubarak, Hyderali." Jina lako, kama bosi.

Sasa umeuliza tena, maneno yaleyale: Rida, hunikasirikii?

Umenieleza vizuri namna ya kujibu. Nimefanya mazoezi na Joyeuse.

Ndiyo, Baba.

Na mimi nina swali moja, na ninauliza kama wewe. Miaka mitatu hukupiga simu, najua ni masikio, lakini hukuandika barua pia. Baba, hukunisahau?

Rida


Mississauga
2 Juni 2025

Wamaitha, binti yangu,

Marahaba, na hongera, na hongera tena. Nilipofika kwenye "Nabaki" nilipiga meza mpaka kikombe kikamwagika. Sikukasirika. Nilikuwa nimeandika barua moja na sikuwa na nguvu ya kuandika nyingine mpaka ile ijibiwe. Ilinichukua siku kumi na moja kuiandika. Ushauri wako niliusikia na sikuufuata. Mimi mkaidi, nilimuuliza kwa "hu" ileile, kwa kuwa ndilo swali aliloliacha mlangoni, na nilitaka lijibiwe lenyewe.

Nimekuwekea humu nakala ya jibu lake ujisomee. Mwandiko umefanana na wa mama yake, nilikuwa sijui.

Utaona ameniuliza swali mwishoni. Nilikaa na kalamu nikaanza kumweleza, kurasa mbili, habari za mazishi, habari za masikio. Nikazichana zote. Nimechukua karatasi safi nikaandika neno moja, nikaitia stempu, nikaenda nayo posta kwa miguu kabla sijabadili mawazo. Nimekuiga wewe.

Kabla halijamfikia amempigia simu Ghulamabbas: anafika Ijumaa ijayo. Begi lake nitalibeba mimi, kuingia ndani safari hii. Njoo na wewe Jumamosi, panda hiyo treni usigeuke. Chapati utapika, na nitazila hata zikiungua.

Na shikamoo yako ukiileta, ilete na jina lake.

Baba Rida